Grace Hopper: Mama aliyeifunza tarakilishi lugha ya watu

Imekita mizizi katika shule na vyuo vyetu imani kwamba tarakilishi ni mtambo wa Kiingereza. Mwanafunzi asiyekimudu Kiingereza barabara huambiwa, au hujiambia mwenyewe, kuwa somo la uandishi wa programu si lake. Mwalimu wa Kiswahili naye hudhani kuwa yanayotendeka katika chumba cha tarakilishi hayamhusu ndewe wala sikio. Imani hii ni potofu, na aliyeudhihirisha upotofu wake kwa njia iliyo wazi mno hakuwa Mwafrika wala mtetezi wa lugha za wanyonge. Alikuwa mwanamke Mmarekani, mwanahisabati na askari wa jeshi la wanamaji, aliyefariki mwaka 1992 akiwa na umri wa miaka 85. Jina lake ni Grace Hopper.

Nimeona vyema nisimulie maisha yake wakati huu kwa sababu maalumu. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini Kenya iliidhinisha mafunzo ya uandishi wa programu kwa shule za msingi na za upili. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, somo jipya likiingia darasani bila historia yake, wanafunzi hukariri istilahi, wakafaulu mtihani, kisha wakazisahau. Uandishi wa programu una misingi yake, na misingi hiyo haikuteremka kutoka mbinguni. Ilitafutwa na watu waliokosea, wakasahihishana, wakajaribu tena. Sehemu kubwa ya misingi hiyo inaonekana katika maisha ya mama huyu mmoja.

Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 katika jiji la New York, akapewa jina Grace Brewster Murray. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto watatu. Baba yake, aliyefanya kazi ya bima, alikatwa miguu kwa sababu ya maradhi, na ulemavu huo ukamfanya ashikilie kwamba binti zake sharti wapate elimu sawa na ya ndugu yao wa kiume ili waweze kujitegemea. Mama yake naye aliipenda hisabati, lakini alilelewa katika zama ambapo msichana hakutarajiwa kuvuka jiometri.

Hapana mwalimu asiyemjua mtoto wa aina ya Grace. Alipokuwa na umri wa miaka 7 alifungua saa ya kengele ili aone inavyofanya kazi. Aliposhindwa kuiunga tena, alifungua ya pili, kisha ya tatu, hata akazimaliza saa zote 7 zilizokuwamo nyumbani. Mama yake hakumpiga marufuku. Alimwekea mpaka tu, kwamba tangu siku hiyo achokore saa moja, nyingine aziache. Tulishike jambo hili, kwa maana tutalirejea. Kuna watu hutosheka kuutumia mtambo, na kuna wengine wasiotulia mpaka waufungue waone ulivyoundwa.

Alitaka kuingia Chuo cha Vassar akiwa na umri wa miaka 16, akakataliwa kwa kuwa alianguka mtihani wa Kilatini. Alijiandaa upya, akakubaliwa mwaka uliofuata. Mwaka 1928 alihitimu katika hisabati na fizikia, akaenda Chuo Kikuu cha Yale alikopata shahada ya uzamili mwaka 1930 na ya uzamifu katika hisabati mwaka 1934. Wakati huo wanawake waliokuwa na shahada hiyo walikuwa wachache mno. Mwaka 1930 aliolewa na Vincent Hopper, msomi wa fasihi. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1945, lakini jina la Hopper likabaki naye maisha yake yote.

Tangu mwaka 1931 alifundisha hisabati papo hapo Vassar. Ualimu wake una funzo ambalo walimu wetu hawana budi kulizingatia. Aliwataka wanafunzi wa hisabati waandike insha kuhusu mambo waliyojifunza, naye akazisahihisha lugha yake kama afanyavyo mwalimu wa lugha. Wanafunzi walinung'unika kuwa walikuja kusoma hisabati, si uandishi. Jibu lake lilikuwa kwamba hisabati haimfai mtu asiyeweza kuwaeleza wenzake anachokijua. Yeyote anayetaka kujua kwa nini mwanamke huyu baadaye alishughulikia lugha ya tarakilishi na si tarakilishi peke yake, na aanzie katika insha hizo.

Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Pili mwishoni mwa mwaka 1941, Grace alitaka kujiunga na jeshi la wanamaji. Alikuwa amepita umri uliopendelewa, uzito wake ulikuwa chini ya kiwango, na kazi yake ya kufundisha hisabati ilihesabiwa kuwa muhimu kwa taifa. Aliomba ruhusa maalumu, akaipata, akaapishwa mnamo Desemba 1943. Katika mafunzo ya maofisa aliibuka wa kwanza. Mwezi Julai 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kundi lililoongozwa na Howard Aiken, akakabidhiwa mtambo ambao hakuwahi kuuona.

Mtambo huo uliitwa Mark I. Ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15, kimo cha takriban mita 2.4, na uzito wa karibu tani 5. Uliweza kujumlisha mara 3 kwa sekunde, na kuzidisha mara moja kwa takriban sekunde 6. Simu ya mkononi aliyo nayo mwanafunzi wa leo huifanya kazi hiyo mara mamilioni kabla hajapepesa jicho. Lakini wakati ule vifaa vilivyoweza kuzitimiza hesabu ndefu za mizinga na mabomu bila kuchoka vilikuwa vichache mno. Maagizo yalitobolewa katika utepe wa karatasi, tundu kwa tundu, na tundu moja likikosewa hesabu nzima ilipotoka. Aiken alimwamuru Grace auandikie mtambo huo kitabu cha maelezo. Matokeo yake ni kitabu cha zaidi ya kurasa 500 kilichochapishwa mwaka 1946. Kanuni ya kuandika maelezo ya mtambo na ya programu, ambayo wanafunzi wengi huiona kuwa adhabu, ilizaliwa pamoja na tarakilishi zenyewe.

Katika chumba hicho ulianza pia mwenendo mwingine wenye maana kubwa. Grace na wenzake, akina Richard Bloch na Robert Campbell, waligundua kuwa hesabu fulani fulani zilirudi tena na tena katika kila kazi. Badala ya kuanza upya kila mara, kila mmoja aliweka daftari alimoandika vipande vya maagizo vilivyokwisha kujaribiwa vikafanya kazi. Aliyehitaji kipande aliazima daftari la mwenzake akanakili. Hapakuwa na hati ya haki wala malipo. Palikuwa na ushirika wa kazi, kama wakulima wanaopeana zamu katika mashamba yao. Dosari ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba binadamu hanakili vizuri. Namba moja iliandikwa visivyo, alama moja ikasahauliwa, na kipande kilichofanya kazi jana kikagoma leo. Dosari hiyo ndiyo iliyomsumbua Grace akilini kwa miaka kadhaa hadi alipoipatia dawa.

Kabla ya kufika huko, acha niguse kisa kinachosimuliwa kuliko vyote katika maisha yake. Tarehe 9 Septemba 1947 mafundi wa tarakilishi iliyofuata, Mark II, walimkuta nondo amenaswa katika mojawapo ya swichi zake. Walimtoa, wakambandika katika daftari la kazi, na ukurasa huo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Watu wengi husema kuwa hapo ndipo kosa la programu lilipopata jina la mdudu, na kwamba Grace ndiye aliyelitunga. Mwanaisimu hana budi kulikanusha hilo. Mafundi wa Marekani walikuwa wakiyaita makosa ya mitambo wadudu tangu karne ya 19, enzi za Thomas Edison, na aliyemwona nondo huyo hakuwa Grace. Yeye alikipenda tu kisa hicho na kukisimulia kwa ufundi mwingi, kikamwandama. Asili ya maneno haitafutwi katika hadithi tamu pekee.

Vita vilipokwisha alibaki Harvard kwa mkataba, lakini chuo hicho hakikuwa tayari kumpa mwanamke kama yeye kazi ya kudumu, na mwaka 1949 mkataba wake ulifika kikomo. Miaka hiyo ilikuwa migumu. Ndoa ilikuwa imevunjika, kazi ya vita ilikuwa imemchosha, na waandishi wa maisha yake wanaeleza kuwa alisumbuliwa na pombe. Silitaji hili ili kumvunjia heshima. Nalitaja kwa kuwa wanafunzi wetu husimuliwa mashujaa wasio na doa, wakajiona wao wenyewe hawafai. Grace aliinuka akiwa na jeraha. Alikwenda Philadelphia kufanya kazi katika kampuni ndogo ya Eckert na Mauchly, iliyokuwa ikiunda tarakilishi ya UNIVAC. Mwaka 1950 kampuni hiyo ilinunuliwa na Remington Rand.

Hapo ndipo alipoirejea ile dosari ya madaftari. Alijiuliza, kama binadamu hanakili vizuri, na kama tarakilishi hainakili vibaya, kwa nini kazi ya kunakili isipewe tarakilishi? Alivikusanya vipande vya maagizo, akavihifadhi katika utepe wa sumaku, akakipa kila kipande namba yake ya mwito. Mwandishi wa programu angetaja namba za vipande anavyovihitaji kwa mpangilio wake, na mtambo ungevitafuta, ukaviunga, ukatoa programu kamili. Programu hiyo ya kuunda programu nyingine aliiita kompaila, yaani mkusanyaji, na ya kwanza, A-0, ilikuwa tayari mwaka 1952. Wataalamu wa leo wanaeleza kuwa A-0 haikuwa bado mfasiri kamili kama kompaila za sasa, maana kazi yake kubwa ilikuwa kukusanya na kuunga. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa. Wenzake wengi hawakumwamini. Kwao tarakilishi ilikuwa mtambo wa kujumlisha na kuzidisha, na dai kwamba ingeweza kujiandikia programu lilionekana kama mzaha.

Toleo la mwaka 1953, lililoitwa A-2, lina sifa nyingine inayotuhusu. Kampuni iliwapa wateja programu hiyo pamoja na maagizo yake yote kama yalivyoandikwa na watu, ikawaomba wakipata njia ya kuyaboresha wayarudishe yakiwa yameboreshwa. Huu huhesabiwa kuwa mmojawapo wa mifano ya awali kabisa ya kile tunachokiita leo programu huria, yaani programu ambayo mtumiaji ana ruhusa ya kuifungua, kuisoma, kuirekebisha na kuwapa wengine. Yule mtoto wa saa 7 za kengele hakuwa amebadilika. Alijua kuwa anayeruhusiwa kufungua ndiye anayejifunza, na kwamba macho mengi huliona kosa ambalo jicho moja hulipita.

Sasa tuje kwenye kiini cha makala haya. Grace aliwatazama watu wa mishahara, wa ghala na wa bima, waliokuwa wateja wakubwa wa UNIVAC, akaona kuwa alama za hisabati ziliwatisha. Watu hao walizoea kuandika kwa maneno. Alipendekeza basi kuwa programu ziandikwe kwa maneno ya kawaida, na tarakilishi yenyewe iyafasiri maneno hayo kuwa namba. Wakubwa wake walimjibu kuwa hilo haliwezekani, kwani tarakilishi haielewi Kiingereza. Alitengeneza kielelezo kidogo mnamo miaka ya kati ya 1950, akakionyesha kikifanya kazi. Kisha akafanya jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo kubwa kuliko yote aliyoyafanya. Aliiandika programu ile ile kwa maneno ya Kifaransa, kisha kwa maneno ya Kijerumani, na tarakilishi ikaitekeleza vile vile.

Alidhani wakubwa wangefurahi. Walishtuka. Kwao haikuingia akilini kwamba mtambo wa Kimarekani, uliojengwa Philadelphia, uweze kufahamu Kifaransa au Kijerumani. Ikambidi awaahidi kuwa lugha itakayotumika ni Kiingereza peke yake ndipo kazi iendelee. Kazi hiyo ilizaa lugha ya FLOW-MATIC, iliyowafikia wateja mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950.

Tuipime hoja yake kwa jicho la isimu. Tarakilishi haifahamu Kiingereza zaidi ya inavyofahamu Kigiryama au Kidholuo. Inachokipokea ni mfuatano wa alama, na kila herufi kwayo ni namba. Ukiiagiza kuwa mfuatano fulani wa herufi una maana ya kulinganisha namba mbili, italinganisha, ziwe herufi za neno la Kiingereza, la Kifaransa, au ziwe zile za LINGANISHA. Amri kama HAMISHA, JUMLISHA, RUDIA na SIMAMA zina mzizi ulio wazi, hazibadiliki umbo katika hali ya kuamuru mtu mmoja, na haziingiliani kimaana. Tena maneno ya lazima katika lugha za programu ni machache ajabu. Lugha ya C, kama ilivyosanifiwa mwaka 1989, ilikuwa na maneno 32 tu. Mtu huyajua maneno 32 katika siku mbili. Kinachohitaji miaka ni kupanga fikra, na fikra hupangika vyema katika lugha ambayo mtu huotea ndoto.

Sisemi kuwa tukitupe Kiingereza. Waandishi wa programu duniani wamekifanya kuwa lugha yao ya kukutania, na mwanafunzi wetu atakihitaji. Ninachosema ni kwamba nafasi ya Kiingereza katika tarakilishi ilitokana na soko na mamlaka, haikutokana na maumbile ya mtambo. Ushahidi wa hilo ulitolewa zaidi ya miaka 65 iliyopita mbele ya mameneja ambao hawakutaka kuuona.

Mwaka 1959 palikuwa na lugha nyingi za programu, kila kampuni na yake, na mteja aliyebadilisha mtambo alilazimika kuandika programu zake zote upya. Mwishoni mwa mwezi Mei mwaka huo wawakilishi wa makampuni na wa serikali walikutana katika Wizara ya Ulinzi ya Marekani kuanza kutafuta lugha moja ya shughuli za biashara. Grace alikuwa miongoni mwa washauri wa kiufundi. Lugha iliyotokea ni COBOL, na ilichota mengi kutoka FLOW-MATIC. Waliomwita mama wa COBOL walimpa heshima anayoistahili, lakini lugha hiyo ilikuwa kazi ya kamati, na watu kama Jean Sammet waliichangia pakubwa. Mnamo Desemba 1960 programu ile ile ya COBOL iliendeshwa katika tarakilishi za makampuni mawili yaliyokuwa mahasimu. Ndipo watu walipoona faida ya usanifishaji, sawa na tulivyoiona sisi Waswahili baada ya lahaja zetu kupata Kiswahili sanifu cha kuandikiana.

COBOL ilipata wakosoaji wakali. Wanazuoni wa vyuo vikuu waliiona kuwa ya maneno mengi na yenye kuwazoesha vijana fikra mbovu. Tena programu nyingi za zama hizo ziliandika mwaka kwa tarakimu 2 ili kubana nafasi, na uchumi huo ukayagharimu mataifa fedha nyingi kabla ya mwaka 2000 kuingia. Hata hivyo lugha hiyo imedumu. Mwezi Aprili 2020, maombi ya msaada wa wasio na kazi yalipofurika wakati wa janga la korona, gavana wa jimbo la New Jersey alitoa wito wa watu wanaoijua COBOL, kwa kuwa mitambo ya serikali yake ilikuwa bado inaitegemea. Programu huishi muda mrefu kuliko anavyodhani mwandishi wake. Kwa hiyo na iandikwe kwa namna ambayo mtu asiyemjua mwandishi ataweza kuisoma.

Jeshi halikumwacha. Alistaafu mwishoni mwa mwaka 1966, akaitwa tena mwezi Agosti 1967 kwa kazi ya miezi 6. Miezi hiyo iligeuka kuwa miaka karibu 20, akitoka kidogo na kurudishwa. Kazi aliyoitiwa ilikuwa kusanifisha lugha za programu katika jeshi la wanamaji. Kundi lake lilitunga programu za majaribio zilizoichunguza kila kompaila ya COBOL kama inafuata kanuni zilizokubaliwa. Muuzaji aliyejigamba kuwa yake ni sanifu alitakiwa kuonyesha kwa vitendo. Hapa pia pana kanuni, kwamba programu haisadikiwi kwa kiapo cha mtunzi wake, husadikiwa kwa jaribio ambalo kila mtu anaweza kulirudia.

Alipandishwa cheo kuwa kapteni mwaka 1973, komodoro mwaka 1983, na admirali mwaka 1985. Muda wote huo alizunguka akihutubia, hasa vijana. Aliwagawia wasikilizaji vipande vya waya vya urefu wa takriban sentimita 30, akiwaeleza kuwa huo ndio umbali wa juu kabisa ambao umeme unaweza kwenda katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Jambo lisiloonekana likawa kitu cha kushikwa mkononi. Ofisini mwake alitundika saa ambayo mishale yake ilikwenda kinyume. Ilisoma wakati barabara kabisa, na aliyeizoea hakupata shida. Aliitumia kuwapiga vita wale ambao hoja yao pekee ilikuwa kwamba mambo yamekuwa yakifanywa hivyo siku zote. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana somo hilo. Mshale wetu husimama kwenye 7, nasi husema saa moja, tusikose safari wala swala.

Tarehe 14 Agosti 1986, akiwa na miaka 79, alistaafu kwa mara ya mwisho katika hafla iliyofanywa ndani ya merikebu ya kale ya USS Constitution mjini Boston. Hata hapo hakupumzika. Alikuwa mshauri wa kampuni ya Digital mpaka alipofariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington, Virginia. Meli ya kivita ilipewa jina lake, na mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunukia nishani ya juu kabisa ya raia nchini Marekani, takriban miaka 25 baada ya kifo chake.

Ule mwenendo wa kugawana maagizo ulipitia misukosuko. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 programu zilianza kuuzwa kama bidhaa ya pekee, na maagizo yake yakafichwa. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU ili kuurudisha uhuru wa kufungua na kusoma, na kompaila ya mradi huo, GCC, ikatolewa mwaka 1987. Mwaka 1991, miezi michache kabla ya Grace kufariki, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland, alitoa Linux. Mwaka huo huo ilitoka lugha ya Python, inayopendwa sana na wanaoanza. Mwaka 2005 Torvalds alitoa Git, ambayo ni sawa na daftari la Harvard lililokomaa. Huweka kumbukumbu ya kila badiliko, aliyelifanya na wakati alipolifanya, na huwawezesha watu wasiowahi kuonana kuijenga programu moja bila kuharibiana kazi. Vyote hivi ni huria. Shule isiyo na fedha inaweza kuvitumia bila kuiba na bila kuomba.

Najua mwalimu atauliza, je, kugawana huku hakufanani na kule kunakili tunakowaadhibia wanafunzi? Hakufanani. Anayenakili mtihani huificha kazi ya mwenzake na kuiita yake, tena bila kuielewa. Anayetumia programu huria humtaja aliyeiandika, huisoma akaifahamu, na akiiboresha hurudisha alichokiongeza. Wa kwanza huipunguza elimu, wa pili huiongeza. Tofauti hiyo inapaswa kufundishwa darasani waziwazi, maana kijana asiyefundishwa ataogopa kushirikiana au atazoea kuiba.

Na Kiswahili je? Hakikukaa nje. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu maagizo yake yalikuwa wazi na hawakuhitaji kumbembeleza mwenye kampuni. Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 kwa ajili ya watoto, huandikwa kwa kupanga vipande vyenye maneno, na katika orodha ya lugha zake kimo Kiswahili. Mtoto wa Lamu au wa Kakamega anaweza kuuamuru mtambo kwa lugha ya darasa lake la Kiswahili. Lile wazo lililowatisha mameneja wa Philadelphia sasa ni chaguo moja katika orodha.

Linalobaki ni letu. Walimu wa tarakilishi wawaruhusu wanafunzi waeleze programu zao kwa Kiswahili kabla ya kuziandika, na wawadai maelezo hayo kwa maandishi, kama Grace alivyowadai wanafunzi wa Vassar. Wawafundishe kuvipa vitu majina yenye maana. Kiswahili huandikwa kwa herufi za Kirumi zisizo na alama za ziada, kwa hivyo jina kama jumla_ya_alama hukubalika katika lugha nyingi za programu bila marekebisho yoyote, nalo humsaidia msomaji kuliko herufi x iliyosimama peke yake. Walimu wa Kiswahili nao wasiiachie idara nyingine kazi ya istilahi. Tulipata neno tarakilishi kwa kuunga tarakimu na akili, na hatuna sababu ya kuishia hapo. Wanaotunga vitabu na mitihani waache kuuliza majina ya sehemu za mtambo mwaka nenda mwaka rudi, wawape watoto programu fupi ya kusoma, yenye kosa moja, walitafute na kulisahihisha. Na wenye kushika funguo za vyumba vya tarakilishi wavifungue. Vingi vimefungwa kwa kuhofia kuwa watoto wataharibu mashine. Mama yake Grace aliharibiwa saa 7, akamwachia mwanawe moja ya kuendelea kuchokora.